Chungu Kimoja, Mirija Mingi

Neno "ngoma" lina maana tatu ambazo mwalimu wa Kiswahili hulazimika kuzieleza darasani kila mwaka. Ni chombo kinachopigwa. Ni uchezaji unaofuata mapigo ya chombo hicho. Tena ni mkutano wenyewe wa watu waliokuja kucheza. Mtu akisema, "Jana palikuwa na ngoma kwa fulani," msikilizaji hana haja ya kuuliza kama watu walikula. Neno "karamu" nalo, lililotoka katika Kiarabu, ni ndugu wa damu wa "ukarimu". Na "taarabu" asili yake ni furaha ile inayomtikisa mtu anaposikia sauti nzuri. Basi lugha yenyewe imekwisha kuviunganisha chakula, kinywaji, sauti na watu. Sisi wa siku hizi ndio tunaovitenga, kila kimoja mahali pake, na kila mtu peke yake.

Twataka kusema habari za starehe, nasi twajua kuwa jambo hilo si jepesi kwa mwalimu. Akitaja kinywaji darasani hukitaja katika insha iitwayo "Madhara ya Ulevi", na wanafunzi humwandikia kurasa mbili juu ya watu waliouza mashamba, waliopiga wake zao na walioanguka mitaroni. Insha hiyo ni ya haki wala hatuombi ifutwe. Watu hao sote twawajua kwa majina. Lakini mtoto wa Kumi au Soroti, huku kwetu mashariki ya Uganda, hutoka katika nyumba ambamo chungu kimesimama karibu na meko. Afikapo shuleni hukuta kwamba Kiswahili kina neno moja tu la kukielezea chungu kile, nalo ni neno la aibu. Tangu hapo kila kizuri hukisema kwa Kiteso, na kila kiovu hukisema kwa Kiswahili.

Wenzetu wa Tanzania huenda wasiuone uzito wa jambo hili. Katika nchi yetu wazazi wengi walikisikia Kiswahili kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka katika kinywa cha mtu mwenye bunduki. Kwa miaka mingi kikaitwa lugha ya askari na wezi. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kuwa kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, nasi tulifurahi. Hata hivyo amri ya serikali huifikisha lugha mlangoni pa shule, na safari ya kutoka hapo hadi sebuleni ni ndefu. Sisi twaona kuwa lugha huingia nyumbani kwa njia ya chakula, wimbo na mzaha kuliko njia nyingine yoyote.

Na tuanze na chungu hicho. Kinywaji chake Wateso hukiita ajon, na mjini Kampala hujulikana zaidi kwa jina la malwa. Hutengenezwa kwa ulezi, ambao sisi aghalabu huuita wimbi. Unga wake huchanganywa na maji ukaachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana mpaka ugeuke rangi na kutoa harufu ya mkate unaotaka kuungua, ukaanikwa juani. Kwa upande mwingine ulezi hulowekwa hata ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Viwili hivyo vikikutanishwa na maji vikaachwa siku chache, pombe huwa tayari. Lakini hainywewi hivyo hivyo. Hutiwa katika chungu kikubwa, ikamiminiwa maji ya moto, na watu wakakizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu uliofungwa kichujio kilichosukwa kwenye ncha, ili makapi yasipite.

Adabu za chungu tulifundishwa kabla ya kuruhusiwa kuonja. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Haupulizwi mapovu yakatoka. Mtu hachungulii katika tundu la mrija kama anayetafuta kitu. Anayetaka kuondoka haondoki kimya kimya, huaga. Mwenye nyumba hutangulia kuonja, wageni waone kuwa hamna hila. Mgeni aweza kuzidhani kanuni hizi kuwa ni ushirikina mtupu, ila akitazama vizuri ataona kuwa karibu kila moja inalinda jambo moja: watu wanaokula na kunywa chombo kimoja waaminiane.

Tena kuna hesabu iliyofichika katika yale maji ya moto. Chungu huongezwa maji kila yanapopungua, na kila yanapoongezwa nguvu ya pombe hupungua. Saa ya kwanza kinywaji ni kikali, na watu hunena kidogo kwa heshima. Saa ya nne ni maji yenye harufu ya ulezi, na ndipo mazungumzo yanapokuwa yamenoga. Kati ya saa hizo huletwa karanga za kukaanga, ugali mweusi wa ulezi na muhogo, na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Kama yupo mpiga akogo, ile marimba ndogo ya vidole, huanza polepole kama anayejikuna, na wengine hupokea kiitikio bila kuacha mirija yao. Mtu hawezi kuimba na kuvuta mrija kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wimbo nao ni kizuizi cha ulevi, pengine bora kuliko hotuba zetu.

Tusije tukasadikiwa kuwa twaupamba ulevi kwa maua. Wapo wazee waliolewa kwenye chungu hicho hicho na kuwatia watoto wao hofu, na adabu zote tulizozitaja hazikuwazuia. Tena nyuma ya kila chungu alikuwapo mwanamke aliyeamka usiku kukaanga unga, na mara nyingi hakuketi katika duara la wanywaji. Miaka ya mwisho ya 1980, ng'ombe wa Teso walipoporwa karibu wote katika vita na uvamizi wa wakati ule, nyumba nyingi zilibaki bila jembe la kukokotwa wala mnyama wa kuuza. Mama yetu alipika ajon akauza. Ada yetu ya shule ilitoka humo, na pia kalamu, na viatu vya kwanza. Mtu aliyesomeshwa na chungu hana uso wa kukiita chungu laana, lakini pia hana ruhusa ya kusahau ni mgongo wa nani uliokibeba.

Kilichotuumiza zaidi kilikuja baadaye, nacho hakikuwa na chungu wala mrija. Ni pombe kali iliyotiwa katika vifuko vidogo vya plastiki, ambayo Watanzania waliiita viroba. Ilikuwa rahisi kwa bei, iliingia mfukoni mwa kaptula ya mwanafunzi, na ilimalizika kwa mikupuo miwili nyuma ya ukuta. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2017, na Uganda mwaka 2019. Kabla ya hapo tulikuwa tukiviokota vifuko hivyo kando ya uwanja wa mpira asubuhi, na baadhi ya vijana waliovitupa hawapo tena nasi. Kwa nini tunavitaja hapa? Kwa sababu kiroba ni kinywaji kilichonyang'anywa kila kitu kilichokuwa kikikichunga. Hakina chakula pembeni, hakina anayekionja kwanza, hakina maji ya moto ya kukipunguza makali, hakina kiitikio. Kinyweni kilipo, hata jina la jirani halihitajiki.

Lakini je, karamu lazima iwe na kileo? Swali hili tulijibiwa na pwani. Wenzetu Waislamu, ambao ndio walioilea lugha hii kwa karne nyingi, dini yao imewakataza. Tulipoalikwa arusini Unguja kwa mara ya kwanza, sisi tuliotoka bara tulikuwa na wasiwasi usio na adabu: watu hawa watachangamkaje? Tuliketi mkekani, wanne kwenye sinia moja la pilau, tukanawa, tukala kwa mkono wa kulia, kila mtu upande wake bila kuvuka mpaka wa jirani. Mzee aliyeketi nasi alikuwa akitusogezea vipande vya nyama kwa ncha za vidole na kusema, "Kula, mwalimu, usitazame sinia kama kitabu." Baada ya chakula ikaletwa halua na kahawa chungu katika vikombe visivyozidi yai la kuku. Kumbe uchungu wa kahawa ni jibu la utamu wa halua. Ukitumia kimoja bila cha pili utakinai au utakunja uso.

Usiku ukafuata muziki. Unguja ina kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, na kwa hiyo ni kikongwe kuliko mataifa yetu yote. Udi, fidla, nai, dumbaki na kanuni vilianza taratibu. Hapa mwalimu wa lugha hawezi kujizuia: kanuni ni chombo cha nyuzi nyingi, na kanuni pia ni sheria, na anayesikiliza taarabu ya zamani hufahamu kwa nini maneno hayo mawili hayagombani. Wimbo ulipofika kwenye ubeti uliomchoma mtu, mtu huyo aliinuka, akaenda kwa mwendo wa maringo hadi kwa mwimbaji, akamtunza, akarudi kuketi. Hakuna aliyekuwa amekunywa kitu kilichozidi kahawa. Walilewa, naam, ila walilewa maneno.

Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, alizaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi, na kabla ya kujulikana alikuwa akitembeza vyungu mjini kuviuza. Habari hizi Shaaban Robert alizieleza katika wasifu wake. Twazipenda kwa sababu zinatukumbusha kuwa chungu na wimbo vilitembea barabara moja huko pwani pia.

Wala pwani haikukosa tembo. Nyuma ya miji, katika minazi ya Wamijikenda na kwingineko, mgema hupanda na kotama yake, hukata karara na kukinga utomvu. Wa asubuhi ni mtamu hata mtoto anaweza kuunywa. Wa jioni unawasha ulimi. Ukiachwa siku chache huwa siki, ikaenda jikoni kwenye achari. Miongoni mwa tungo za kale zinazonasibishwa na Fumo Liyongo zimo zinazolisifu tembo la mnazi, nazo zimehifadhiwa pamoja na tungo za dini bila mtu kuzichana. Na katika utendi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo hutoka gerezani kwa msaada wa mkate na ngoma. Mama yake alificha tupa ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi waliudharau wakachukua vyakula vizuri. Kisha Liyongo akawafundisha watu nyimbo za gungu, na kelele za matoazi na pembe zikafunika mlio wa tupa ikikata minyororo. Tunapofundisha utendi huu hueleza ushujaa wake, na tunasahau kuwa shujaa aliokolewa na wapishi na wapiga ngoma.

Kwa divai safari yetu ilikuwa ya upande mwingine. Mwaka mmoja, wakati wa likizo, tulikwenda Dodoma kumtembelea mwalimu mwenzetu, kwa basi kupitia Nairobi na Arusha. Husimuliwa kuwa jina la mji huo limetokana na neno la Kigogo la kuzama, kwa kuwa tembo alididimia hapo matopeni. Mwenyeji wetu alituonya tusiulize ni tembo yupi, wa porini au wa mnazi, maana mzaha huo wameusikia vya kutosha.

Kwa watu wengi wa bara divai ilijulikana kwanza kanisani. Neno lenyewe lililetwa na wamisionari waliosema Kifaransa, ilhali "mvinyo" ulitangulia pwani kwa Wareno. Yohana akieleza arusi ya Kana kwa Kiswahili hutaja divai, na tangu utoto tulidhani ni kitu cha Nchi Takatifu kisichooteshwa na mikono ya watu tunaowajua. Dodoma tuliona mashamba ya zabibu katika nchi ya mibuyu na mvua haba. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipanda mizabibu hapo katika miaka ya 1950, na aina nyekundu iitwayo Makutupora imekubali udongo ule. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima huukata matawi baada ya mavuno, nao huchipua tena, hata huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mkulima tuliyemkuta shambani alitueleza hayo huku akitupa zabibu tukonje, na alizungumza juu ya kuoza kwa matunda mvua ikikosea wakati kama mama yetu alivyozungumza juu ya unga uliokaangwa kupita kiasi.

Jioni mwenyeji wetu alifungua chupa. Palikuwa na mbuzi wa kuchoma, ugali wa uwele na mlenda ulioungwa karanga. Maandishi ya chupa yalikuwa ya Kiingereza, na mmoja wetu alipojaribu kutafsiri akasema kwamba divai hii ni "kavu". Watu wakacheka. Kitu cha majimaji kitakuwaje kikavu? Hapo ndipo ubishi mzuri kuliko wote wa safari ile ulipoanza, nasi twaueleza kwa kirefu kwa sababu ni wa kazi yetu.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya ulimi. Walimu ndio wenye upungufu wa kuyatumia. Ule mkwaruzo unaobaki mdomoni baada ya divai nyekundu, ambao hutoka katika maganda na mbegu za zabibu, una jina lake kamili: ni ukakasi, ule ule wa ndizi mbichi na wa bibo la korosho. Ikiwa divai inayatia meno ganzi, basi uchachu umezidi. Uchachu wenyewe si uchungu, na uchungu si ukali, na mwanafunzi anayevichanganya vitatu hivi hajafundishwa jikoni. Kitu kilichoingia ladha vizuri kimekolea. Utamu uliopita kiasi hukinaisha. Mwenyeji wetu alisema, "Mwalimu, usimeze upesi, usije ukaupoteza ukakasi," tukangoja, na kweli ukaja. Tulipokula mlenda juu yake ukaondoka, kwa kuwa mlenda ni mtelezi na huusafisha ulimi. Tulipokula nyama ya mafuta ukawa mtamu. Divai ile haikuwa ya ajabu, tena ilikuwa na joto kidogo kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Lakini maneno yalikuwa baridi na safi, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuazima hata moja.

Baadaye walikuja vijana wa jirani na zeze na marimba kubwa ambayo Wagogo huiita ilimba. Wanawake wakafuata na ngoma za muheme, wamezibana katikati ya magoti. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ndiye aliyeupeleka muziki huu nchi za mbali, lakini kuusikia karibu na jiko ni jambo jingine. Sauti hupandana kwa ngazi, hakuna inayomeza nyingine. Tundu la ilimba hufunikwa kwa utando wa buibui ili mlio uwe na mvumo kama wa nyuki, na tulipousikia tulimwona mpiga akogo wa kijiji chetu mbele ya macho. Mzee mmoja aliikataa glasi ya divai kwa adabu, akasema yeye ana pombe yake nyumbani inayomjua. Mwalimu mmoja Mwislamu wa pale alikunywa chai ya tangawizi usiku kucha, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka, kwa kuwa alikuwa amejifunza kiitikio na hakutaka kukiacha.

Tangu safari hiyo, katika kidato cha pili, huwapa wanafunzi zoezi la kwenda nyumbani na kurudi na maneno ya ladha, wakiwauliza wapishi wenyewe. Hurudi na ya Kiteso, Kigisu na Kiganda, na sisi humtafutia kila moja mwenzake wa Kiswahili. Baadhi ya wazazi walilalamika mwanzoni kuwa mwalimu anawafundisha watoto ulevi. Tukawaita shuleni, nao walipofika, mabibi wawili wakabishana ubaoni juu ya neno la harufu ya unga unaokaangwa, na ubishi huo ulifanyika kwa Kiswahili. Neno hilo bado hatujakubaliana, na msomaji mwenye nalo atuletee.

Tulirudi kutoka Dodoma na chupa mbili za Makutupora. Moja tulimpa mama, ambaye sasa ni mzee na ameacha kupika. Aliinusa, akaonja, akakaa kimya kama mtu anayesoma barua. Kisha akauliza waliotengeneza huiacha siku ngapi. Tukamwambia kuwa si siku, ni miezi, na nyingine ni mwaka au zaidi. Akacheka hata akaiweka glasi chini. Alisema watu hao bila shaka hawana ada ya shule ya kulipa.